Kadi za Vitabu Vilivyopotea

Alhamisi iliyopita, nikiwa nasubiri zamu yangu kwa kinyozi, simu iliniletea habari kwamba yule mzee wa maktaba ya Rumonge amefariki. Aliyenipigia ni dada yake, anayeishi Minago, mwanamke asiye na maneno mengi. Alinipa pole kana kwamba mfiwa ni mimi, akaniambia maziko ni Jumamosi, kisha akaniomba niandike yale maneno ya maisha ya marehemu ambayo kwetu husomwa kaburini kabla ya kutupa udongo. Alisema mimi ndiye niliyezoeana na kaka yake na ndiye ninayejua kuandika. Nilikubali upesi, kama mtu anayekubali ili simu ikatike. Sikumwambia kwamba katika wote waliomjua kaka yake, mimi ndiye nisiyestahili kuisoma karatasi hiyo. Wasomaji wangu wa siku zote mtanisamehe leo, maana mzaha mliouzoea sina.

Kwa wasiomjua, nao ni wengi, marehemu alikuwa msaidizi wa maktaba. Kazi yake ilikuwa kupokea vitabu, kuvipiga muhuri, kuvipa namba, na kuandika kila kimoja kwenye kadi ya karatasi ngumu: jina la kitabu, aliyekitunga, rafu kinapokaa. Watu wa huku huziita fishi, na zilipangwa kwa alfabeti kwenye droo ndefu za mbao alizozipaka mafuta ya mawese ili mchwa wasizipende. Kazi hiyo aliianza ukimbizini Tanzania, katika maktaba ndogo ya kambi, na aliporudi nchini alirudi nayo, pamoja na mwandiko wa kiwalimu ambao hata uzee haukuutikisa. Sasa, maktaba nyingi kitabu kikipotea kadi yake huondolewa na kuchanwa, ili droo iseme kilichopo rafuni. Yeye hakuchana. Aliigeuza kadi, akaandika nyuma yake jinsi kitabu kilivyopotea, akairudisha mahali pake pale pale katikati ya zile za vitabu vilivyo hai. "Kililiwa na panya, msimu wa mvua." "Kilihama na msomaji wake, hakuaga." "Kilizama Gitaza pamoja na aliyekiazima. Yeye alipatikana, kitabu bado." Neno "bado" alilipenda. Alilitumia hata pale ambapo mwenye akili timamu angeandika "basi".

Mimi mwenyewe nilikuwa na kadi yangu humo. Nikiwa mwanafunzi niliazima kitabu cha mashairi, na miezi miwili baadaye nikaja na uongo kwamba kiliibiwa sokoni. Aliniangalia kidogo, akasema haya, nikaenda zangu nikijipongeza. Miaka mingi baadaye, nimeshaanza kuandika safu hii na kujiona mtu, nikaingia maktabani kumsalimu. Alinikaribisha kwa salamu ya amahoro yenye uchangamfu, akafungua droo bila kutafuta sana, akanipa kadi niisome. Nyuma yake palikuwa pameandikwa: "Kijana anasema kiliibiwa. Hakuniangalia machoni." Nikamwambia ukweli, kwamba kitabu nilimpa zawadi msichana mmoja wa Gitaza ambaye hata hivyo aliolewa na mwenye mtumbwi wa kuvulia ndagala. Hakucheka wala hakunigombeza. Alichukua kalamu akaandika chini ya ile sentensi: "Kilitolewa zawadi kwa msichana wa Gitaza. Amekiri." Kisha akairudisha kadi mahali pake, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Halafu ziwa likapanda. Mlioko pwani hii hamhitaji niwasimulie. Mmeona nyumba zilizosimama kifundo cha mguu ndani ya maji, kisha goti, kisha hazikusimama tena. Maktaba ilikuwa upande wa chini wa mji, chumba kimoja kipana. Asubuhi maji yalipoingia mlangoni, mzee huyu alikuwa na baiskeli moja tu na njia ya kupandia mpaka kando ya barabara kubwa, ambako shule moja ilikubali kumpa darasa tupu. Akafanya jambo ambalo Rumonge nzima ililicheka: alibeba kadi kwanza. Droo moja, akarudi, droo ya pili, akarudi, na huku vitabu vya rafu za chini vikivimba kama mihogo iliyolowekwa. Alipozimaliza droo ndipo akaanza vitabu, na wakati huo nusu yavyo vilikuwa havibebeki tena. Walimu walipomuuliza kama amerukwa na akili, aliwajibu kwa utulivu: "Kitabu kikipotea na fishi iko, tunajua tumepoteza nini. Fishi ikipotea, hata kupoteza hatutajua." Tunayo methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani yeye ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeiishi mpaka mwisho. Lakini sitawadanganya: angeanza na vitabu, watoto wa mji ule wangebaki na vitabu vingi zaidi. Alilijua hilo. Miezi yote iliyofuata aliketi katika lile darasa akigeuza kadi moja moja na kuandika nyuma: "Maji. Maji. Maji."

Baada ya hapo akaja mgeni kutoka ofisi fulani ya Bujumbura iliyokuwa ikigawa shehena ya vitabu vipya kwa maktaba zilizoharibika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyodhani. Alikuwa na maktaba nyingi za kupitia siku hiyo, hivyo hakuhesabu vitabu. Alichukua rula, akapima urefu wa kadi kwenye kila droo, akapiga hesabu ya haraka, kama inavyofanyika katika kazi hiyo, kwa kuwa kila kadi ni kitabu kimoja. Mzee alikuwa amekwenda zahanati, na aliyempokea mgeni hakujua habari ya maandishi ya nyuma. Raporo, yaani taarifa yake, ikaandikwa kwamba maktaba ya Rumonge imenusurika karibu yote. Shehena ikaenda mahali pengine.

Ghadhabu ya watu iliyompata mzee huyu sikuwahi kuiona ikimpata hata mwizi. Mkuu wa ile shule, aliyempa darasa kwa moyo mweupe, alikuwa na wanafunzi wanaokaribia mtihani wa serikali na kitabu kimoja cha hesabu kwa madawati matatu. Alimwambia mbele ya walimu kwamba anatunza majina ya wafu huku watoto wakiwa hawana cha kusoma. Ofisi ya Bujumbura ilikuwa tayari kupokea raporo mpya, kwa sharti moja: droo zisafishwe, zibaki kadi za vitabu vilivyopo tu. Mzee akakataa. Ndipo walimu wakaniita mimi, kwa kuwa ni rafiki yake na kwa kuwa, walivyosema, nina ulimi.

Nilimkuta amekaa kati ya droo zake. Nilimweleza yote aliyokuwa akiyajua tayari. Akanisikiliza, kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Kule kambini, siku ya kuhesabiwa wakimbizi, yeye alikuwa amelazwa hospitali. Karani alimkosa, akapiga mstari juu ya jina lake, na kwa kuwa alikuwa kichwa cha nyumba, nyumba nzima ikafutwa. Mkewe alipokwenda kuchukua posho ya unga akiwa na mtoto mgongoni, aliambiwa kwamba watu hao hawapo. Walikwenda biro hii na biro ile, ofisi kwa ofisi, mpaka wakaandikwa upya.

"Walituandika tena," alisema. "Mutoto hakungoja."

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza, akamshika mkono, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekuja na sentensi. Niliitunga njiani, nikaipenda, na nilikuwa nimeshaamua kwamba itafaa pia kwa safu. Nikamwambia: "Mzee, watoto walio hai wanahitaji vitabu vilivyo hai." Aliinama. Kisha akaniuliza kama kweli nina hakika kwamba vitabu vitakuja. Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika yoyote. Sikuwa hata nimezungumza na ofisi hiyo.

Ilimchukua wiki nzima kuzitoa kadi za vitabu vilivyopotea. Hakutaka kuzitupa jalalani, kwa hiyo akazipeleka nyuma ya shule ambako akina mama hupika mawese, na wao wakazitia motoni chini ya mapipa. Lakini kila kadi aliisoma kwanza, mbele na nyuma, kwa sauti. Niliambiwa kwamba mwanzoni akina mama walicheka, hasa ya panya, na ya kijana aliyemdanganya mkutubi kwa ajili ya msichana. Kisha akasoma ile ya aliyezama Gitaza, na mmoja wao akaacha mwiko. Aliyezama alikuwa kaka yake. Aliiomba kadi ile, naye akampa. Baada ya hapo hawakucheka tena, wakaendelea kuzitia kadi motoni mpaka zikaisha.

Raporo mpya ikaenda, safi, ya kweli, kila kadi na kitabu chake. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Lilisema kwamba idadi hiyo ya vitabu ni ndogo mno kuitwa maktaba. Kuanzia hapo pale pangekuwa kona ya kusomea chini ya shule, na kona haihitaji msaidizi wa kuorodhesha. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya wafanyakazi mwisho wa mwezi huo huo. Vitabu vilivyoahidiwa havikuja, kwa sababu viligawiwa maktaba tu, si kona. Alinipigia simu kunijulisha. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Murakoze, mwandishi," alisema. "Sasa hesabu iko sawa." Mpaka leo sijui kama alinikejeli au alinishukuru kweli, na nimechoka kujiuliza. Alihamia kwa dada yake Minago, akawa anaanika mihogo. Minago si mbali na mimi nina miguu. Sikwenda hata mara moja.

Nimejaribu kuwatafutia ninyi wasomaji wangu mtu wa kulaumiwa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ningeweza kumlaumu mgeni na rula yake, au ofisi, au ziwa. Lakini ninachokiona ni sisi. Watu wa pwani hii tumekimbia, tumerudi, tumekuta wengine kwenye mashamba yetu au tumekaa kwenye mashamba ya wengine, na ili tuweze kuamkiana asubuhi tumejifundisha kusahau mpaka tukaona ni adabu. Yaliyopita si ndwele, tunasema, na kikao kinaendelea. Anayekumbuka tunamwona mkorofi. Mtaa mzima umeingia majini chini ya macho yetu, na sijasikia popote palipoandikwa nani alikaa nyumba ipi. Tunataka hesabu nzuri, na hesabu huwa nzuri ukishawatoa wanaoichafua. Sioni tumaini katika jambo hili na sitajifanya naliona ili safu imalizike vizuri.

Jumamosi nilisoma maneno yangu kaburini. Tulikuwa wachache, na nusu ya karatasi ilitosha. Watu walipotawanyika nilipanda mpaka shuleni, nikaingia lile darasa. Paliwekwa madawati, na kwenye kona rafu moja yenye vitabu vilivyopinda kwa unyevu. Mwalimu kijana, mwanamke mpole, alinipa kiti. Nikamwambia nimetoka kumzika aliyekuwa mtu wa maktaba hii. Alisikitika kwa dhati, kisha akanisahihisha kwa heshima zote. "Muzee, unisamehe, hapa hakukuwaka biblioteki. Iko tu hii kona. Hivi vitabu unaona ndivyo viko tangu zamani."

Nilifungua mdomo nimtajie vilivyokuwapo, rafu baada ya rafu, nimwonyeshe kwamba mji wake uliwahi kuwa na kitu. Nilikumbuka vitatu, na kimoja sikuwa na hakika nacho. Mwalimu alikuwa akiningoja kwa subira, nami nikamwambia labda nimekosea mahali. Somo nililolipata ni dogo, na aliyelilipia si mimi: ukimkuta mtu anayekataa kufuta, usimfundishe hesabu. Kaa naye, mwulize majina, uyaandike wewe mwenyewe kwa mkono wako, maana akishaondoka utasimama mbele ya kijana mwema asiyekudanganya, akakwambia kwamba hukuwahi kuwa na chochote, nawe utamwambia labda umekosea.