Sahani ya Shangazi wa Chini

Baba yangu alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na kwa jinsi alivyojichunga ungedhani amekabidhiwa nchi nzima. Tuliishi ghorofani, Mchafukoge. Chini yetu aliishi mama mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Sisi Wachaga wa juu tulimwita shangazi. Baba, aliyekuwa mdogo kwake, hakupita mlango ule bila kumwamkia. Kila Ramadhani shangazi alituletea mkate wa kumimina kwenye sahani yake ya maua mekundu, na mama hakuirudisha tupu hata mara moja.

Kisha shangazi na kaka yake wakagombania duka hilo aliloacha marehemu baba yao, na kesi ikaangukia kwa baba. Shangazi alifurahi waziwazi.

Siku ya kwanza tu, baba akawaambia wote wawili mahakamani, "Nimekula chakula cha huyu mama miaka mingi. Kwangu ni dada. Najitoa." Kaka mtu angeweza kumkataa kwa sababu hiyo hiyo, ila hakujua habari za sahani. Jalada likarudi kwa hakimu mfawidhi, mkuu wa mahakama, likapangiwa hakimu mwingine.

Jioni shangazi alimsubiri kwenye ngazi.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Ukinihesabu dada ndiyo unanikimbia?"

"Ndiyo sababu yenyewe," baba akasema, akapanda zake. Ukavu wake ulinichosha wakati mwingine.

Ramadhani iliyofuata sahani haikuja. Mama alishusha maandazi. Shangazi akapokea, akashukuru, akafunga mlango. Baba aliuliza mezani, "Mkate wa chini bado?"

"Muulize hakimu," mama akamjibu.

Nilimhurumia baba. Alimpenda shangazi kuliko baadhi ya ndugu zake wa Moshi, na nyumba nzima tulijua.

Hakimu mwingine alimpa shangazi haki yake. Idi ya kuchinja ilipofika, ngazi zilinukia iliki. Shangazi aliingia kwetu na sahani ya maua, nyuma yake kaka yake amebeba birika la kahawa.

"Huyu ameipokea hukumu," akasema. "Ungeamua wewe, angesema nimeshinda kwa mkate, na leo asingekanyaga kwangu." Akamwamkia baba, "Shikamoo, hakimu."

Baba alipokea sahani, akamega kipande, akala amesimama, machozi yakimlengalenga.