Sefu Katika Chumba cha Mama Wakesho

Fanuel Mwasaru hakuwa mtu wa bunduki. Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi hapa Bura, walipoona lile sefu likipandishwa mlimani, walinong'onezana kwamba Fanuel sasa amekuwa mkubwa, anataka kuogopwa. Waongo. Mimi ni jirani yake, ua wetu ni mmoja, na mume wangu ni binamu yake. Baba yangu alitoka Bungoma kuja kukata mkonge, mimi nikaolewa huku mlimani, na kwa miaka yote hiyo silaha kali zaidi niliyomwona nayo Fanuel ni panga la kukatia majani ya migomba, nalo butu.

Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Voi: misumari, rangi, mabati, mabomba. Asubuhi hushuka, jioni hurudi, na pikapu yake huiacha kule chini karibu na kanisa kwa sababu njia ya kwetu ni ya miguu na mbuzi. Jioni moja vijana watatu walimfuata kutoka mjini. Walimkuta akisukuma mlango wake, wakaingia naye, wakampigisha magoti sebuleni huku wakipekua nguo zake wakitafuta pesa za mauzo. Walizipata, wakaenda. Hawakumpiga sana. Kilichomwumiza ni kwamba mjukuu wake Shanice, mtoto wa darasa la pili anayelelewa hapo, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akitazama, na babu yake alikuwa akilia na kuomba asiuawe.

"Shemeji Nanzala," aliniambia siku iliyofuata, akiangalia viatu vyake, "mtoto ameniona nikilia kama mtoto mwenzake."

Kama ni dawa ya aibu ile, sikuijua mimi. Yeye aliamua dawa ni bastola.

Basi akaanza kuitafuta leseni. Barua hapa, alama za vidole pale, daktari, chifu, nenda rudi. Mwishowe akaja ofisa wa polisi kukagua nyumba. Mtu mpole, alikunywa chai yetu na kula viazi vyetu, lakini kwa kazi yake hakuwa na mchezo. Aliuliza wanaoishi humo ni akina nani. Fanuel akawataja: yeye, mkewe Immaculate, mjukuu Shanice, na mama yake mzazi, Mama Wakesho.

"Sikiza mzee," ofisa akasema. "Bastola hailali kwa kabati. Hailali chini ya mto. Nataka sefu ya chuma, ifungwe kwa ukuta wa mawe ama zege, na iwe kwa chumba unalala wewe mwenyewe. Dirisha liwe na vyuma na pazia. Ijumaa nitarudi kuangalia."

Sefu walienda kulichagua Mombasa, Fanuel na mkewe, na habari zote alinipa Immaculate tukichambua kunde. Muuzaji aliwaonyesha la kwanza, la kufunguliwa kwa ufunguo.

"Na ufunguo utakaa wapi?" Immaculate akauliza.

"Nitauficha," mumewe akasema.

"Utamficha Shanice? Baba Vincent, huyo mtoto anajua mahali naficha sukari. Na nikihamisha, anajua mahali nimehamishia."

Muuzaji akacheka, akaleta la pili, dogo, la kubonyeza namba. Hilo Immaculate alilipenda. Lilikuwa kama redio kubwa, lingeweza kukaa popote hata dukani Voi. Fanuel akaliinua kwa mkono mmoja, akalirudisha chini. "Kama mimi nimeinua, mwizi naye atainua," akasema, na hapo alisema kweli.

La tatu lilisimama kwenye kona, refu kufika kiunoni, rangi ya kijivu. Fanuel alilisukuma kwa mikono miwili. Halikutikisika. Akaweka bega, akasukuma tena, halikutikisika. Ndipo akatabasamu.

"Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu ile jioni," Immaculate aliniambia. "Ningesema nini? Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza."

Vijana wanne walilibeba kutoka kanisani, wakipumzika kila kona, na kila kona ilikuwa na watazamaji wenye maoni. Wa kwanza walisema ni friji, wa pili wakasema ni jenereta, na mume wangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema Fanuel amejinunulia jeneza mapema na ni lazima azikwe amesimama. Tulicheka. Hata wabebaji walicheka, wakalazimika kulitua tena.

Mama Wakesho aliwaona kutoka dirishani kwake. Niwaeleze kuhusu dirisha hilo. Nyumba ya Fanuel ilianza na chumba kimoja cha mawe, ambacho marehemu baba yake alikijenga alipomwoa Mama Wakesho. Vyumba vingine viliongezwa baadaye, vya matofali ya udongo yaliyopakwa saruji juu. Mama Wakesho hakuwahi kuhama chumba kile. Kiko mbele, dirisha lake linatazama njia, na yeyote aliyepanda au kushuka alimkuta ameketi kitandani na kumwamkia. Alijua nani amechelewa shule, nani ameuza mbuzi, nani amegombana na mkewe. Shanice alilala naye humo humo, mguu juu ya tumbo la nyanya yake.

"Mnaleta nini hicho kizito hivyo?" akauliza.

"Ni usalama wetu, mama," Fanuel akajibu, akihema.

"Basi uingizeni ndani, usikae juani."

Fundi alikuwa Munyoki, Mkamba mmoja wa Voi, aliyekuja na mashine yake ya kutoboa. Aligonga ukuta wa chumba cha Fanuel kwa kisigino cha nyundo, udongo ukamwagika kama unga. Akagonga wa sebule, hivyo hivyo. Alipogonga wa chumba cha mama, nyundo ililia.

"Hapa ndio pako sawa," akasema. "Ama sivyo, mzee, tuchimbe kwa chumba chako, tumwage zege, tungoje ikauke vizuri. Hiyo ni kama wiki, wiki na kidogo."

Fanuel akafikiria Ijumaa. Ofisa asipokuta kitu, atarudi lini? Na wale vijana je, watamngoja? Mimi nilikuwa uani naanika mahindi, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Hapana, fanya hapa."

Kisha akamwambia mama yake. Simwiti mtu mbaya, na yeyote anayemwita hivyo atanikuta. Hakumtupa mama yake nje. Alimpa chumba chake mwenyewe, kikubwa kuliko kile, na kitanda cha sita kwa sita chenye godoro ambalo halijamaliza mwaka. Alimweleza kwamba yeye na Immaculate watahamia chumba cha mawe kwa sababu ya sheria, na kwamba yeye atapumzika vizuri huko nyuma, mbali na kelele za njia. Alieleza vizuri kabisa.

"Sawa, mwanangu," Mama Wakesho akasema.

Fanuel akatoka kuwatafuta watu wa kubeba kitanda.

Ijumaa ofisa akaridhika. Wiki chache baadaye bastola ikaja, ikaingia sefuni, na kusema kweli sijawahi kuiona. Nilichokiona ni pazia. Watu waliopita waliendelea kugeuza shingo kama walivyozoea, "Mwabonyeje, mama," kisha wakakumbuka kwamba wanalisalimia pazia. Baada ya muda waliacha kugeuka. Huko nyuma dirisha la Mama Wakesho lilitazama migomba, na migomba haina habari. Shanice alikatazwa kukanyaga chumba cha mawe, na mtoto akakataa kulala chumba cha nyuma kwa sababu, alisema, kinanuka babu. Akawa analala peke yake sebuleni.

Siku moja Mama Wakesho akaomba kwenda kumsalimu binti yake Mghoi, kule Mwanda. Alichukua mfuko mmoja. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mvua za masika zikaja zikaisha, mahindi yakabeba. Kila Fanuel alipopiga simu, Mghoi alimwambia mama yuko salama, anakula, anawasalimu.

"Nimempa chumba kikubwa, shemeji," Fanuel alinilalamikia akiwa upande wake wa ua. "Kitanda kizuri. Sasa analalamikia nini?"

"Kwani amelalamika?"

"Hapana."

"Basi hapo ndipo pana shida," nikamwambia.

Maana watu wa hapa wana jambo lao, nami nimelijifunza kwa kuolewa. Hasira ya mzazi haiachwi ikae kimya moyoni. Ikikaa kimya, wanaamini, inaleta balaa kwa watoto hata kama mwenyewe hataki. Kwa hiyo mwenye hasira huisema wazi, kisha huchukua maji kinywani, huyapuliza, na kutamka maneno ya kuiondoa na kuwatakia wengine mema. Wanaita kutasa. Tunakwenda kanisani sote, na padri akilisikia hili hugeukia upande mwingine. Mama Wakesho ndiye aliyekuwa akiitwa na nusu ya kijiji kwa kazi hiyo, na wengi walimfuata katika chumba kile. Na yeye, mwenye kuwasemesha wengine, safari hii hakusema.

Aliyevunja ukimya ni Immaculate. Walikuwa mezani, nami nilikuwa nimekwenda kuomba chumvi.

"Baba Vincent, kule Mombasa nilinyamaza. Leo sinyamazi. Tangu hiyo kitu iingie, hii nyumba imebaki na watu watatu, na wote wanaongea polepole. Ulitaka Shanice asiogope. Mwangalie. Anaogopa mlango wa chumba chako kuliko wezi."

Fanuel aliweka kijiko chini. Nilidhani atafoka. Alifunika uso kwa viganja, kisha akasema Jumapili twende Mwanda.

Tulikwenda Mwanda Jumapili baada ya misa, sisi wanne, mimi na mume wangu tukiwa mashahidi. Mama Wakesho alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo nje ya jiko la Mghoi akimenya viazi. Alikuwa amepungua. Fanuel alipiga magoti mbele yake bila kuambiwa, na safari hii hakuna aliyemshika shati.

"Mama, una hasira na mimi. Iseme."

Akamenya kiazi kimoja hadi mwisho, akakitia majini.

"Ulikuja na watu wa kubeba kitanda kabla hujaja na neno," akasema. "Ungeniuliza, ningekwambia iweke. Ningekwambia weka hata mbili, mwanangu alidhalilishwa mbele yangu, nilisikia yote nikiwa chumbani na miguu yangu haikuniinua. Unadhani mimi sikutaka bunduki? Lakini hukuniuliza. Ulinihamisha kama gunia."

"Nimekosa, mama."

"Umekosa."

Akaagiza maji. Akayatia kinywani, akayapuliza kushoto na kulia, matone yakamwangukia Fanuel kichwani, naye Mama Wakesho akasema kwa Kidawida maneno ambayo hata mimi sasa nayaelewa: kwamba moyo wake umepoa, duka liende vizuri, watoto wakue, mwanawe alale salama. Fanuel alilia tena. Mume wangu, yule wa jeneza, alikuwa akijifuta pua kwa mkono wa shati.

Tulirudi tumefurahi kama watu wa harusi. Fanuel hakutaka jambo la nusu nusu. Bastola aliirudisha polisi na leseni yake, akawaambia hawezi kuishi nayo. Munyoki akaitwa, akakata vyuma vilivyoshika sefu ukutani, akaziba matundu, akapaka rangi. Sefu likauzwa kwa mwenye kituo cha petroli. Dirisha likaondolewa pazia. Kitanda cha Mama Wakesho kikarudishwa mahali pake kabisa, Immaculate akipima kwa alama za miguu ya kitanda zilizobaki sakafuni. Kisha wakaenda kumleta.

Tulimpokea kwa vigelegele. Alitusalimia mmoja mmoja, akamkumbatia Shanice, akaomba chai, akanywa yote. Kisha Fanuel akatangulia kumwonyesha chumba, akafungua mlango, akaingia ndani kumtandikia shuka vizuri. Mama Wakesho akamfuata mpaka mlangoni. Hapo akasimama, mfuko mkononi.

"Hodi," akasema.

Tulicheka, tukidhani ni utani, maana alikuwa mtu wa utani. Fanuel naye akacheka. "Mama, si ni kwako hapa? Ingia."

Hakuingia. Hakuwa anatania, wala uso wake haukuwa na kinyongo. Alikuwa anangoja tu, kwa adabu, kama anavyongoja mtu aliyefika kwa wenyewe.

"Hodi," akasema tena.

Fanuel akaacha shuka, akamgeukia. "Karibu, mama," akasema, na mama yake akamshukuru, akaingia.

Huu ni mwaka wa pili. Hasira iliisha kweli, hilo mimi ni shahidi, na akimwombea mwanawe huomba kwa moyo wote. Lakini kila anapotoka kuota jua na kurudi, husimama pale na kubisha. Fanuel amejaribu kila kitu. Ameuacha mlango wazi mchana kutwa. Mwezi uliopita aliung'oa kabisa pamoja na bawaba zake, akauweka ghalani. Mama Wakesho alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya uwazi usio na mlango, akasema hodi, akangoja mwanawe amkaribishe.