Uso wa Bibi, Vidole vya Mama

Katika ukoo wetu mtoto wa kike akizaliwa, hatuulizi ana uzito gani. Tunauliza kafanana na nani. Bibi mzaa mama aliugua baridi yabisi, vidole vikampinda hata kushika kikombe kukahitaji mikono miwili, na wazee wakaamua kwamba ugonjwa ule hufuata sura. Nani aliwaambia? Hakuna. Lakini ukoo wetu ukishaamua jambo, hata daktari asubiri nje.

Basi mama mkubwa, aliyefanana na bibi kama shilingi kwa ya pili, alilelewa kama yai. Hakufua, hakuchota maji, sindano hakuigusa. Mama yangu alichukua uso wa babu, pua na yote, kwa hiyo kazi zote zikawa zake. Ndiyo maana leo mmoja anauza vitambaa akiwa ameketi, na mwingine ni fundi cherehani mlango wa pili.

Mama anaipenda kazi yake kupita kiasi. Matundu ya vifungo huyashona kwa mkono, maana anasema mashine haina aibu. Mwaka juzi nikaanza kumwona asubuhi akiloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kushika mkasi. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, kulia na kushoto. Wateja waliotaka vifungo wakawa wanashawishiwa wakubali zipu.

"Nenda hospitali, mama," nikamwambia.

"Kufanya nini? Huu ni uchovu tu. Ule ugonjwa si wangu, mimi ni wa babu yako. Hebu itazame hii pua!"

Nilikasirika mpaka nikacheka. Mikono inaharibika, mwenye mikono anatetea pua.

Mama mkubwa anamjua mdogo wake. Asubuhi moja aliingia akichechemea. "Mdogo wangu, yamenikuta. Nisindikize hospitali." Mama alifunga duka upesi, kwa huruma nyingi na, nisiseme uongo, kwa furaha kidogo ya kuona wazee hawakukosea. Tukaenda wote watatu.

Daktari, mwanamke mpole, alibonyeza vidole vya mama mkubwa, vya miguu na vya mikono, kifundo kimoja kimoja. "Mama, wewe huna kitu." Kisha akamgeukia msindikizaji, aliyekuwa ameficha mikono chini ya mkoba. "Na hiyo je?"

Mama akaeleza habari za uso. Daktari hakumcheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema urithi hauji kwa furushi moja: pua yaweza kutoka kwa babu, na hatari ya ugonjwa wa viungo ikatoka kwa bibi. Tena kuna vinasaba vinavyoukaribisha ugonjwa huu na vingine vinavyoukinga, na havifanani kwa watu wote duniani.

"Vya watu wa kwetu havijachunguzwa vya kutosha," alisema. "Na wengi wenye vile vya hatari hawaugui kamwe. Kwa hiyo siwezi kukutabiria ukoo wako. Ila mikono hii naiona, na tukiiwahi, tunaweza kuiokoa."

Mama alilia. "Nisiposhona, mimi ni nani?"

"Ndiyo maana tumekuja," akasema mama mkubwa, ambaye kuchechemea kulikuwa kumemtoka ghafla.

Vidonge vilichukua miezi kadhaa kuonyesha kazi yake. Bado kuna asubuhi mama huamka na mikono mizito, na siku hizo dada yake huja kumkatia vitambaa. Anakata upande, mama anamfokea, na mimi nasikia raha kuwasikiliza. Matundu ya vifungo yamerudi.

Juzi nimejifungua binti. Wazee wakajaa chumbani, shingo zimewatoka. "Paji la uso hilo! Jamani, si lile lile?" Nikaogopa, maana niliona yai jingine linaandaliwa. Mama akampokea mtoto, na wote wakasubiri hukumu. Akamsogeza dirishani, akamfunga vifungo vidogo vya gauni alilomshonea, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Kafanana na mwenye njaa," akasema, akanirudishia. "Mnyonyeshe."