Alama za Wifi

Mdogo wangu anafundisha Kiingereza kigumu. Si kile cha kusalimia wageni. Ni kile kinachotegwa kwenye mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili, ambapo mtu mzima mwenye digrii yake anakalishwa mbele ya kompyuta, anapewa sentensi yenye pengo na maneno matano yanayofanana kama pacha, kisha anaambiwa achague moja. Akimaliza mapengo analetewa vifungu virefu vya kusoma, mara kuhusu nyuki, mara kuhusu uchoraji wa kale, na maswali yake yamepindapinda. Akikosa alama za kutosha, chuo hakina habari naye. Wanafunzi humwita Kamusi, na jina hilo analipenda, ingawa hujifanya linamchosha.

Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani. Nyumba tumeachiwa na wazazi: mimi nina chumba cha mbele chenye dirisha la mtaani, yeye na mkewe wana vyumba vya nyuma, na sebule ya katikati ndiyo darasa. Kati ya cherehani yangu na ubao wake kuna ukuta wa mbao tu, tena mbao zenyewe zimeachana. Kwa hiyo nimesikiliza maneno magumu miaka yote ninayopindia watu suruali, na hakuna hata moja lililowahi kunisaidia kunyoosha mshono.

Ana mtindo wake. Kila Jumatatu anamvisha kila mwanafunzi neno moja. Aliyepewa neno lenye maana ya bahili ataitwa Bahili wiki nzima, kwa Kiingereza, na wenzake watamchunguza anavyobana chaki, anavyobana kalamu, anavyobana hata kicheko. Kuna mhandisi mmoja mwenye kitambi aliitwa Mwoga mpaka akaanza kweli kumwogopa mbwa wa jirani. Watu wanacheka, lakini neno haliwatoki tena.

Mtindo wa pili ndio ulioleta balaa. Ada ya mtihani wenyewe ni kubwa na ukishindwa hairudishwi, kwa hiyo hakuna anayekwenda kuubahatisha. Kamusi ametunga mtihani wake wa majaribio wenye maswali sitini, na ni yeye peke yake anayejua ukipata ngapi kwake utapita kule. Hatangazi. Anakuita pembeni, anavua miwani, anasema "Bado" au anasema "Kajiandikishe." Nimeona watu wazima wakitoka sebuleni kwangu machozi yanawalengalenga kwa neno hilo la pili. Na hajawahi kukosea. Aliyemtuma akapita, aliyemzuia akaenda kwa ubishi akarudi kichwa chini.

Mwenyewe ameukalia mtihani ule mara tatu, na mara zote umemkataa. Watu hawaamini. Ugonjwa wake ni kujua mno. Ukimwekea maneno matano, yote anaweza kuyatetea mbele ya hakimu. Ukimwekea kifungu, anagombana na mwandishi. Muda unakwisha yeye bado anambishia mtu wa nyuki. Namtania, lakini nakumbuka aliporudi mara ya tatu. Alikaa jikoni amevaa viatu mpaka mkewe akapiga magoti akamvua kimoja kimoja.

Tangu hapo kijicho kikahamia kwetu. Mwanafunzi akija kushukuru, Kamusi anamkumbatia, anampiga mgongoni, anacheka mpaka jino la mwisho. Mgeni akifika kona tu, uso unamshuka. Eti huyo hata gazeti hawezi kulisoma likaisha. Eti kaotea. Chakula hakipiti. Wifi alikuwa akimtuliza, anamwambia ni yeye ndiye aliyemfundisha yule mtu, naye hujibu, "Ndiyo maana inauma."

Sasa nimseme wifi. Anafanya kazi maabara ya hospitali, kutwa jicho lake liko kwenye hadubini. Kazi ile imemfundisha kitu kimoja: anaandika alichokiona, hakuandikii asichokiona. Si msemaji. Alitaka kusoma uzamili tangu kabla hawajaoana, lakini walikubaliana mume atangulie. Mume akajaribu, akajaribu tena, akajaribu tena, na yeye akasubiri bila kununa. Ndipo hospitali ikatangaza nafasi moja ya ufadhili, masomo ya nje, kwa mfanyakazi atakayeleta alama za kutosha kabla ya mwaka kwisha. Wifi akaja chumbani kwangu na gauni la kubana kiuno, akaniambia huku nampima, "Wifi, safari hii naomba zamu yangu." Sijawahi kumsikia akiomba kitu.

Akaingia darasani kwa mumewe, akakaa nyuma kama mwanafunzi yeyote. Pamoja naye akaja mfamasia wa hospitali ileile, kijana mpole, mcheshi, anayeitaka nafasi hiyohiyo. Walitoka kazini pamoja, wakaulizana maneno njiani, wakaingia mlangoni wanacheka. Mimi kwa dirisha langu niliona watu wawili waliochoka wanaotaniana. Mdogo wangu kwa dirisha lake sijui aliona nini, maana alianza kutoka nje kuwapokea.

Wiki moja alifundisha maneno mawili kwa pamoja. La kwanza, akasema, ni kuumwa na kile alicho nacho mwenzako. La pili ni kuogopa kunyang'anywa kile ulicho nacho wewe. Alieleza vizuri sana, jamani. Alieleza hilo la pili linavyoanzia tumboni, linavyomfanya mtu mzima asikilize hatua za watu nje. Wanafunzi waliandika. Mimi nilisimamisha cherehani, nikajisemea mwalimu huyu leo hakuhitaji kitabu.

Wifi alianza na alama za chini, kisha akapanda. Alikuwa na maneno machache kuliko wenzake, lakini akisoma kifungu hakukiongezea chumvi. Kama kifungu kimesema nyuki wamepungua, kwake wamepungua, basi. Jumamosi moja mchana walifanya jaribio, na Kamusi akaja chumbani kwangu akisingizia kutafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mbele yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Amepata arobaini na nane," akasema.

Nikamwambia hongera, tuna msomi ndani. Akasema za kubahatisha hizo. Akasimama pale anauchezea mkasi wangu, ufunguke, ufungike, mpaka nikamnyang'anya. Kisha akaenda akamwita mkewe pembeni, akavua miwani, akamwambia, "Bado."

Wifi hakulia. Aliuliza anakosea wapi, akajibiwa kwamba anasoma juu juu, hazami ndani ya kifungu. Akaamini. Kwa nini asiamini? Ni mwalimu, ni mume, na hajawahi kukosea. Akawa anapika mwiko mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, midomo inacheza. Jaribio lililofuata akapata arobaini na tisa. Akaambiwa bado. Siku hiyohiyo mfamasia naye akaitwa pembeni, na kupitia zile mbao nikasikia kwa masikio yangu, "Kajiandikishe."

Nami nikaamini kwamba mfamasia amemzidi wifi. Ningejuaje? Alama zake sikuzisikia, na kipimo alikuwa nacho Kamusi kichwani. Nilichoona ni kwamba mdogo wangu alirudi kula vizuri. Mfamasia akafanya mtihani, akapita, akapeleka alama zake hospitalini, akapewa nafasi. Wifi alimpongeza kwa moyo mweupe, tena alimnunulia begi. Kwetu akasema tu, "Labda mwakani," akaendelea kuchambua mboga.

Jumapili moja kabla ya kusafiri, mfamasia akaja kuaga, amevaa suti, ameongozana na mkewe na mtoto wao mgongoni. Kamusi alipomwona yule mke alimchangamkia kupita kiasi, akamwita shemeji shemeji, akambeba mtoto. Nikajua kuna jiwe limemtoka moyoni. Tukakaa sebuleni sote, wifi akawa anamimina juisi. Mfamasia, kwa furaha yake na kwa kutojua kwake, akaanza kusimulia safari yake tangu siku ya kwanza.

"Ticha, ile siku uliponiambia nikajiandikishe nilidhani unanitania," akasema. "Arobaini na moja, kweli? Nilikwenda tumbo joto."

Wifi aliweka jagi chini. Akauliza kwa sauti yake ileile ya siku zote kama ni arobaini na moja kwenye majaribio ya hapa. Mfamasia akasema ndiyo, na hakuwahi kuvuka hapo hata mara moja, lakini Ticha anajua kazi yake, si ndiyo hivyo anaondoka. Mkewe akacheka. Kamusi akamrudisha mtoto kwa mama yake na kuanza kuifuta miwani. Wifi akamalizia kumimina, glasi moja moja, hakumwaga hata tone. Akawasindikiza wageni mpaka barabarani, akawapungia mkono.

Aliporudi mimi sikuondoka. Ni nyumba yangu pia.

"Mimi nilikuwa na arobaini na nane," akamwambia mumewe.

"Najua."

"Halafu tisa."

"Najua."

Mdogo wangu, mtu wa maneno yote yale, alianza kuyatafuta. Kwamba mtihani siku hizi umebadilika. Kwamba alitaka aende akiwa na uhakika kabisa. Kwamba mwanamke peke yake ugenini. Wifi hakumkatiza, alimwacha mpaka akaishiwa. Kisha likatoka lenyewe.

"Ungepita mara ya kwanza," akasema. "Mimi nimerudi mikono mitupu mara tatu, wewe ungeingia asubuhi ukatoka na alama zako mchana. Nisingeweza kukutazama usoni."

"Mimi niliweza kukutazama," wifi akasema. "Mara zote tatu."

Akaokota glasi, akaenda kuziosha. Mdogo wangu nilitaka kumzaba kibao, na singekuwa nimekosea, lakini alikuwa amekaa kinyonge mno, nikarudi kwenye cherehani yangu nikafumua mshono ambao haukuwa na kosa lolote.

Wifi hakumwomba tena mtu ruhusa. Alijiandikisha kwa simu yake akiwa kazini, akaomba ruhusa ya asubuhi moja, akaenda. Matokeo ya sehemu ile ya kusoma na msamiati hutokea palepale kwenye kioo. Alipotoka alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, akafunga mlango, akaninong'oneza namba. Nikaondoa mguu kwenye pedali. Najua mdogo wangu alipata ngapi, maana zile alama zake tumezikalia matanga nyumba nzima. Nikamkumbatia wifi na sindano bado ziko mdomoni.

Jioni alimwambia mumewe mezani kwamba amefanya mtihani na alama zimetosha. Kamusi akaacha kutafuna, akauliza amepata ngapi.

"Zimetosha," wifi akasema, akamsogezea chumvi.

Nafasi ya mwaka ule ilikwishaliwa, akangoja tena. Safari iliyofuata hospitali ilimpa yeye. Kabla ya hapo walikwisha kupatana, kama wanavyopatana watu waliozoeana; Kamusi alimwomba radhi, tena mbele yangu, na wifi alipoondoka, yeye ndiye aliyembebea sanduku. Ana mwaka sasa huko. Anapiga simu kila wiki, anamtania mumewe, wanacheka mpaka nawasikia kwenye mbao. Lakini namba hakumwambia. Kamusi amejaribu kila mlango. Ameuliza kwa utani, ameuliza kwa hasira, amesema eti anaihitaji kwa ajili ya takwimu za darasa. Jibu ni lilelile.

Juzi, kabla ya wanafunzi kufika, alikuja akaegemea fremu ya mlango wangu.

"Dada, wewe alikuambia."

"Aliniambia."

"Alinizidi kwa nyingi?"

Hasira zikanipanda. Nikamwambia mkeo yuko nchi ya watu mwaka mzima, anapiga simu hapa, na ukishamaliza zamu yako ananipigia mimi. Hujaniuliza hata siku moja anasema nini. Hujaniuliza kama anakukumbuka.

"Anasema?" akauliza.

"Anasema. Kila wiki. Anasema chumba kikubwa na hakuna mtu wa kubishana naye. Anasema akimaliza anarudi kwako, si kwingine."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na macho yake nikayaona yamelowa. Nami roho ikalainika, nikajiambia basi, leo amepona. Nikavuta kiti ili akae. Hakukaa. Alivaa miwani yake, akatazama nje kama kuna mtu anakuja, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Lakini ngapi, dada?"