Dawa ya kulegeza misuli ilivyonikuta na figo mbovu, na wifi akijibu kwa niaba yangu

Wakuu, heshima zenu. Niko Kamembe, Rusizi, huku Rwanda ng'ambo ya Bukavu, nauza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Nimechoka, lakini jambo hili limenikaa kooni muda mrefu, acha nilitoe. Sitii chumvi, na jina la hospitali silitaji.

Figo zangu zilikuwa zimeshafeli kwa sehemu kubwa. Daktari wa Bukavu alishaniambia nijiandae kwa mashine ya kusafisha damu. Waliojua ni mume wangu na dada yake mkubwa, tunayemwita Tantine. Yeye ndiye hunilelea watoto nikiwa sokoni, kwa hiyo msimhukumu mapema.

Siku moja utumbo ukanasa kwenye ngiri. Maumivu yale simuombei adui. Mume wangu alikuwa safarini, Tantine akanikimbiza hospitali, wakasema ni upasuaji wa haraka.

Sasa wakuu, huku kwetu mgonjwa hamjibu daktari. Mgonjwa analala, mkubwa wa familia anaongea. Ukijijibia mwenyewe unaonekana huna watu.

Yule bwana wa dawa ya usingizi alipokuja, mimi natapika kwenye beseni.

"Maman iko na bugonjwa ingine? Sukari, tension, figo?"

"Hapana, docta. Ni hii tumbo tu," Tantine akajibu.

Nilimvuta nguo. Akanipapasa mkono: "Lala, usijichokeshe."

Majibu ya damu yalikuwa bado, na utumbo ulionasa haungoji. Nikaingizwa chumba cha upasuaji.

Nilipozinduka, upasuaji umekwisha. Nasikia watu wanaongea. Macho hayafunguki, kidole hakiendi. Kifua kinapanda, lakini kinapandishwa na mashine.

"Maman, minya mukono yangu."

Nikaminya kwa nguvu zangu zote. Wapi.

"Dawa ya kulegeza misuli tuliyomupa kwa upasuaji ingekuwa imeshaisha," yule bwana akasema. "Muende muulize tena familia kama maman iko na bugonjwa ya figo."

Wakuu, nilifurahi. Nikajua sasa Tantine atasema.

Nesi akarudi. "Banasema hana kitu."

Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na sikuwa na pa kuitolea. Kichwani napiga kelele: figo, ni figo! Kilichotoka ni machozi tu.

"Analia. Huyu anatusikia!" Yule bwana alishtuka kabisa. Wakati anatafuta dawa ya kunilaza tena, majibu ya maabara yakaletwa. Akainama sikioni kwangu.

"Maman, tumejua. Figo inachelewesha dawa kutoka. Mashine itakupumulia mpaka itoke. Nakulalisha tena, usiogope."

Niliamka kesho yake, napumua mwenyewe, koo linawaka kwa lile bomba la kupumulia. Akanieleza kwamba dawa hizo ziko aina nyingi. Kuna zinazotegemea figo kutoka mwilini, na kuna zinazovunjika zenyewe kwenye damu. Angejua, angechagua hiyo ya pili.

Tantine alikuwa kando ya kitanda, macho yamevimba.

"Kama ningesema, bangeogopa kukupasua, bangekutuma Kigali. Ungekufia mu barabara. Na mara ya pili nilifikiri habajakupasua bado. Batoto bangebaki na nani?"

Nifanye nini, wakuu? Nimgombeze mtu aliyedanganya ili nisife? Niligeukia ukuta nikalala.

Siku hizi nasafishwa damu kwa mashine. Ni maisha ya kuchosha, sitawadanganya. Juzi daktari mgeni akauliza historia ya ugonjwa wangu. Tantine akafungua mdomo, nikamshika goti.

"Niko na figo, docta. Na dawa ya kulegeza misuli ilishanichelewea mwilini. Ukinipasua, ukumbuke hiyo."

Tantine alinuna mpaka nyumbani. Watoto wakauliza kuna nini, akasema Maman yenu siku hizi hana watu.

Iliniuma. Lakini nitasema tena, na tena, maana nimeshaonja kujua jibu huku mdomo haufunguki.

Funzo: anayekuchoma dawa ya usingizi usimfiche ugonjwa wowote, hata kama unaogopa atakukataa. Anaijua dawa yake, mwili wako anausikia kutoka kwako.

Nyinyi huko, akiulizwa mgonjwa, anajibu nani? Semeni, nitasoma nikipata nguvu.