Kazi Zilizotajwa Alfajiri

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni ya damu iliyonyeshewa. Mvua ya Tukuyu haina adabu. Huanza kabla watu hawajaamka na huwasindikiza mpaka wanapokwenda kulala, na msimu ninaousimulia ilinyesha hata kuta za machinjio ya baba zikaota ukungu wa kijani. Baba yangu alikuwa mchinjaji. Babu yake alitoka pwani, akafika huku milimani kufanya biashara, na tangu hapo ukoo wetu ndio uliochinjia bucha za mjini. Mimi na kaka yangu Idi tulisaidia pale kabla ya kwenda shule. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na mitatu, na sote wawili tulimwogopa baba kuliko ng'ombe yeyote.

Nyumbani kwetu siku ilipangwa kwa mdomo. Baada ya sala ya alfajiri tulikaa mkekani, kila mmoja akataja kazi zake kwa sauti na kwa mfuatano: baba kwanza, kisha mama, kisha Idi, kisha mimi. Ukishataja umetaja. Hukuruhusiwa kugusa la pili kabla la kwanza halijakwisha, wala kugeuza kichwa, hata ukiitwa. Jioni tulirudi mkekani, na baba akauliza neno moja tu: "Umemaliza?" Ukijibu hapana, hakutaka kujua sababu, alikitungua kiboko cha ngozi ukutani. Siku moja Idi aliacha ndoo ya maji bombani akaenda kutazama lori lililopinduka, na jioni alichapwa mpaka akajikojolea. Mama alisimama mlangoni ameuma upindo wa kanga. Alikuwa Mnyakyusa wa Kinyala aliyesilimu alipoolewa, na majirani walimwambia ana bahati kupata mume mwenye mipango. Na kweli, hatukuwahi kulala njaa, na darasani nilikuwa mbele siku zote. Lakini nilimchukia baba kwa moyo wangu wote.

Asubuhi moja Idi alitaja kazi yake ya kwanza: kushika kamba. Dume lililoletwa siku hiyo lilitoka Nkunga, jeusi, shingo nene, na lilishanusa damu ya wenzake. Kamba iliyofungwa kwenye pembe zake ilipitishwa kwenye pete ya chuma iliyochimbiwa sakafuni, ili anayeivuta kwa nyuma akiinamishe kichwa cha mnyama mpaka mchinjaji amfikie. Kila mtu wa machinjio anajua kwamba kamba ile haizungushwi mkononi. Idi alijua pia. Ila viganja vyake vilikuwa vimelowa, na kamba ikimponyoka, jioni ataulizwa. Akaizungushia kiganjani na kukaza. Baba aliposogea na kisu, dume liliruka, pete ikang'oka na kipande cha saruji, na kaka yangu akaburutwa kifudifudi sakafuni akipiga mayowe. "Usiachie!" baba alifoka. Maskini, hata angetaka asingeweza kuachia.

Mimi nilikuwa naosha ndoo. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeitaja. Nikaiacha. Nilinyakua kisu mezani nikakimbia, na nilipofika mlangoni Idi alikuwa amekwama kwenye mwimo, kichwa kikigongwa na kugongwa kila dume lilipovuta. Nikakata kamba. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeshanyofoka. Dume lilitimkia migombani, na huko watu walilipokea kwa mapanga na mashoka. Walianza na miguu ya nyuma. Nililisikia likilia kwa muda mrefu, mvua ikinyesha, na baba alipofika na kisu chake lilikuwa limeshakufa bila mtu kulitajia jina la Mungu. Kwetu hicho ni kibudu; hakiliwi wala hakiuzwi.

Idi alilazwa hospitali, mama akabaki naye. Jioni nilikaa mkekani na baba, wawili tu.

"Umemaliza?"

"Hapana, baba. Idi alikuwa anakufa."

"Ulitaja kukata kamba?"

Alinipiga mpaka kiboko kikakatika, kisha akanipiga kwa ngumi. Mfupa wa bega langu uliposikika ukivunjika, ndipo alipoacha, akaenda kutawadha kwa ajili ya sala ya magharibi. Mama alirudi akanikuta hapo hapo. Alinifunga bega kwa kanga ile ile yenye damu ya Idi.

Alfajiri tulikaa tena. Baba alitaja kazi zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Zamu ya mama ilipofika, alikuwa amepakata shoka la kupasulia kuni, na wala hakulificha.

"Leo nawachukua wanangu, baba Idi, nakwenda nao kwetu Kinyala," alisema. "Naanza na hilo. Sina la pili."

Baba akasimama. Mama naye akasimama, shoka mkononi. Nasema wazi: niliomba ampige. Sikuomba tuondoke salama, niliomba ampasue. Baba alilitazama shoka, akamtazama mama, kisha akaketi taratibu. "Haya," akasema. "Umeshataja."

Tuliondoka asubuhi ile, Idi akatufuata alipotoka hospitali. Leo mimi ni fundi cherehani hapa hapa mjini. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, najitajia kazi zangu kwa sauti na simu naifungia kwenye droo, maana simu ndiyo lori lililopinduka la siku hizi. Ukienda kuchungulia, saa nzima imekwenda. Wasichana ninaowafundisha hunicheka, halafu huniiga, kwa sababu wanaona kazi zinavyokwisha. Hakuna anayeguswa hata kwa kidole, na mtoto akilia nje tunaacha mashine sote. Wateja wakiniuliza nani alinifunza utaratibu huu, nasema baba. Ni kweli, na inaniuma kila ninaposema.

Mwaka huu baba amepooza upande mmoja. Idi ndiye anayemlea kwake Lufingo, anamlisha kwa mkono wenye vidole vitatu. Wiki chache zilizopita alinipigia asubuhi. "Zuhura, mzee anakuita. Hali si nzuri, njoo sasa hivi."

Nilikuwa nimeshataja: sare za shule, mapazia, gauni la harusi. Nikashona yote, moja baada ya jingine, bila haraka. Nilitaka aningoje. Nilitaka aite asiitikiwe. Nilifika jioni, nikamkuta bado anapumua, mdomo umepinda.

"Umechelewa," alisema kwa shida.

"Nilikuwa na kazi, baba. Nilizitaja alfajiri."

Nikamkazia macho, nione inavyomchoma. Uso wake uliinuka kwa upande ule mzima, akatabasamu, akanishika mkono.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana, mwanangu."