Madam Jeptoo, mkuu wa chuo ambaye hakuthibitishwa

Habari zenu wakuu. Hapa tunaitana wakuu bila interview, kwa hivyo niwaambie juu ya mama aliyeungoja huo ukuu hadi akatuacha. Haya nimeyaona mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni messenger katika chuo kimoja hapa Eldoret. Wazazi wetu walifariki nikiwa Form Two, nikaacha shule nilee wadogo wangu. Aliyenipa kazi ni Madam Jeptoo, registrar wetu.

Alianza kama typist, akapanda polepole. Kila mkuu wa chuo akihamishwa, board inamwambia, "Madam, shikilia kidogo."

Hiyo kidogo ilikuwa inaweza kufika mwaka.

Na alishikilia. Kuna wakati wanafunzi waligoma juu ya chakula, akatoka nje na sweta yake, akauliza, "Nani hajakula? Tuanze na huyo." Wakacheka, mgomo ukaisha.

Mara ya mwisho akikaimu, alikuwa karibu kustaafu. Sote tulijua asipothibitishwa sasa, basi. Hadi alishonesha suti ya interview, ya kijani.

Board ikaleta kijana kutoka chuo kingine awe mkuu.

Alipotambulishwa, Madam ndiye alianza kupiga makofi.

Nilimpelekea chai ofisini, nikabaki nimesimama na trei. Akaniangalia.

"Wewe, nani alikuconfirm kuwa baba ya wadogo wako?"

"Hakuna, Madam."

"Na walikula?"

"Walikula."

"Basi usinililie hapa. Ongeza sukari."

Lakini aligeukia dirisha, na hiyo chai hakuigusa.

Alistaafu, kisha akaugua. Siku niliyomtembelea wodini, mkuu mpya alimpigia akiuliza vile timetable ya mitihani hupangwa. Madam akamweleza yote, akipumzika kila baada ya maneno machache. Nikamwomba azime simu.

"Ni watoto watafanya hiyo exam," akasema.

Tulimzika kwao Moiben. Mwenyekiti wa board akashika mic, akasema, "Huyu mama ndiye alikuwa mkuu wetu kweli kweli."

Mpishi wetu, aliyekaa kando yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa ndio wamemconfirm."

Nilichojifunza ni kwamba kukaimu ni kazi kamili. Wadogo wangu hawakulelewa nusu, na chuo hakikuongozwa nusu. Kama kuna mtu anawashikilia mahali, mwambieni hivyo akiwa bado anasikia.

Nani hapa ameshikilia kiti miaka bila kuthibitishwa? Andika, nitasoma.